Miezi 25 ya Mzee wa Mizani

Mzee wa Mizani alipotimiza miaka 60, mwaka 2022, alivaa koti lake la ibada ya Jumapili, akapanda bodaboda kutoka Nkuhungu mpaka mjini kuulizia pensheni yake. Alirudi na karatasi mbili zilizogongwa mhuri. Zilisema mfuko umepokea michango yake ya miezi 163. Ili mwanachama wa mfuko huo, NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), alipwe pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Akipungukiwa anapewa mkupuo, yaani malipo ya mara moja tu, na habari yake imeishia hapo.

Jioni ile alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unaandika kila kitu pale ofisini. Hebu nihesabie."

Nikamhesabia. Aliajiriwa Aprili 2002, kwa hiyo mwaka huo una miezi 9. Kuanzia 2003 hadi 2016 ni miaka 14 kamili, miezi 168. Mwaka 2017 alifanya kazi mpaka Novemba, kampuni ilipofunga milango, miezi 11. Jumla ni 188. Miezi 25 ya mtu aliyekuwa akifika uwanjani kabla ya jua kuchomoza haikuonekana popote.

Mimi nilikuwa karani wa safari katika kampuni hiyo tangu 2005, na Mzee alikuwa mpima mizigo wetu. Ilikuwa kampuni ndogo ya ndege za kukodi, yenye ndege mbili na ofisi ya vyumba viwili karibu na uwanja wa ndege wa Dodoma. Tulikuwa watu 11. Jina lake siliweki hapa, na majina ya wenzangu pia siyaweki. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu waliofanya kazi kwenye kampuni zilizokufa huwa wanaambiwa kumbukumbu zao ni soga za kijiweni. Za kwetu zilianza kama soga kweli, tukiwa tumezunguka sinia la nyama choma kwenye mnada wa Msalato siku ya Jumamosi. Lakini ndizo zilizotuonyesha karatasi zilikolala.

Nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua hataelewa kwa nini mpima mizigo anakumbuka tarehe kuliko mkurugenzi.

Dodoma iko meta 1,119 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam hata alfajiri. Ikifika Oktoba, mchana, joto likiwa nyuzi 32, hewa inazidi kuwa nyepesi kiasi kwamba bawa na injini vinafanya kazi kama viko karibu meta 2,000 juu. Ndege iliyonyanyuka vizuri saa moja asubuhi, saa saba mchana inakimbia na kukimbia kabla ya matairi kuachana na ardhi. Sasa, Cessna 206 hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,633, na hapo unahesabu ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Ukishatoa uzito wa ndege na mafuta ya kwenda na kurudi, nafasi inayobaki ni ya rubani, watu wanne na vibegi vyao. Wateja wetu wengi hawakujua hilo. Wachache walijua na hawakutaka kulisikia.

Mizani yetu ilikuwa ya jukwaa, ya chuma, iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua zabibu za wakulima wa Hombolo. Kila asubuhi Mzee aliifuta vumbi, akaweka juu yake jiwe la kilo 20, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na mshale. Mshale usiposimama pale pale kwenye 20, hakuna kitu kilichopimwa mpaka airekebishe. Kisha alisimama yeye mwenyewe, akajipima, kwa kuwa uzito wake aliujua. Baada ya hapo ndipo alipoita mzigo wa kwanza. Namba aliziandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi, akaniletea dirishani, mimi nikazihamishia kwenye manifesti, orodha ya abiria na mizigo ya kila safari.

Siku moja ya kikao cha Bunge, mheshimiwa mmoja alifika na begi moja zaidi ya yale yaliyopimwa jana yake. Ndege ilikuwa tayari, Kapteni kaketi. Mheshimiwa akasema, "Mzee, hilo liache tu lipite, ni jepesi." Mzee akaliinua, akaliweka kwenye mizani, akamwonyesha: kilo 27. "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi nalo. Mwenye ugomvi nalo ni ule mti kule mwisho." Begi likabaki ofisini, likafuata kesho yake kwa basi. Kapteni aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hakuwahi kuikagua hesabu ya Mzee mara ya pili, wakati hesabu zangu mimi alizikagua kila siku.

Upande wa pili wa uwanja, muda huohuo, fundi alikuwa anachuja mafuta. Avigesi, mafuta ya ndege ndogo kama zetu, ina rangi ya bluu. Unafungua kijivalvu chini ya bawa, unakinga kidogo kwenye chombo cha kioo, unakiinua kwenye mwanga. Kama kuna maji, yanakaa chini ya ile bluu kama ushanga, meupe, yakitingishika. Kwa safari za mapori ya akiba kama Rungwa, mafuta yalitangulia kwa lori kwenye mapipa ya lita 200, na kule yalipitishwa kwenye ngozi laini kabla ya kuingia tangini. Mzee alifundishwa kazi hiyo pia. Hakulipwa nyongeza.

Kazi yangu ya saa 12 asubuhi ilikuwa kupiga simu kwa walinzi wa viwanja vya vumbi. Mpwapwa, Kibaya, Itigi. Swali la kwanza lilikuwa la mvua, la pili la mifugo. "Kuna mbuzi?" "Wapo, lakini wanaondoka." Hapo Kapteni alingoja simu ya pili. Miezi ya kiangazi tuliuliza pia kuhusu chamchela, maana kile kimbunga cha vumbi kikiikuta ndege ndogo iko karibu na ardhi hakina mzaha.

Ndiyo maana Mzee hakuhitaji kalenda. Kila mwaka aliushika kwa safari. Mwezi wake wa tatu kazini, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilipata ajali pale Igandu, wakafa watu 281, na ndugu wa marehemu wakawa wanatafuta ndege za kuwafikisha Dodoma haraka. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza bungeni kujiuzulu, na simu ya ofisi yetu iliita mpaka usiku, kila mtu akitaka kutoka Dodoma au kuingia. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yalikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa wiki kadhaa mizani ile haikupumzika.

Tulikuwa na Fundi Mkuu ambaye sasa ni marehemu. Alianza kazi East African Airways, Nairobi, akiwa kijana. Shirika hilo lilizaliwa tarehe 1 Januari 1946, likafika kurusha ndege kubwa za Super VC10 mpaka Ulaya, likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe ya Afrika Mashariki. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984, lakini watumishi wake wa zamani walikuwa bado wanadai haki zao hata miaka ya 2000, wakiwa wazee wenye mikongojo. Fundi Mkuu alisimulia habari za VC10 mpaka ukaisikia injini yake masikioni. Kisha, wakati wa chai, aliwageukia vijana: "Karatasi zako zibebe mwenyewe kampuni ingali hai. Ikishakufa, hakuna atakayekufungulia kabati." Wengi tulicheka, tukamwona mzee mwenye machungu ya zamani. Mmoja hakucheka, na nitamfikia.

Kampuni ilikufaje? Mwenye kampuni husema serikali ilimuua. Wafanyakazi wengi husema alijiua mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikipokea simu naona vyote viwili vina ukweli, ila kuna jambo la tatu ambalo watu hawalitaji. Biashara yetu iliishi kwa sababu Dodoma ilikuwa mji mkuu nusu. Uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 ofisi zilibaki Dar es Salaam na Bunge likaja Dodoma. Pengo hilo kati ya miji miwili ndilo lililokuwa shamba letu. Mtu anatakiwa Dodoma asubuhi na Dar jioni, atafanyaje? Anakodi ndege. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia kweli, ofisini tulishangilia. Mkurugenzi alinunua soda. Tulidhani wateja wataongezeka.

Wateja walikuja kuishi hapa, wakawa hawana haja ya kukodi. Mwaka huohuo barabara ya kurukia ilirefushwa, Air Tanzania ikapokea Bombardier Q400 zake za kwanza, na baada ya muda ukawa unaweza kununua tiketi ya kiti kimoja badala ya kulipia ndege nzima. Matumizi ya safari serikalini yalikuwa yameshabanwa tangu mwisho wa 2015. Lami nayo ilikuwa ikisogea mwaka hadi mwaka kuelekea Kondoa na Babati, na kupita Mtera kuelekea Iringa. Safari zilizokuwa za siku nzima zikawa za saa chache. Gharama zetu kubwa zilikuwa za dola: bima, vipuri, ukarabati wa injini. Mwaka 2015 shilingi ilishuka kutoka kama 1,700 hadi zaidi ya 2,100 kwa dola moja, na bei ya kukodi hatukuweza kuipandisha kwa kiasi hicho. Kilichobaki kilikuwa uwindaji wa kitalii. Huko nako Marekani ilikuwa imezuia tangu Aprili 2014 kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania, wageni wakapungua. Oktoba 2017 Waziri wa Maliasili na Utalii, Hamisi Kigwangalla, akatangaza kufuta leseni za vitalu vya uwindaji ili vigawiwe upya kwa mnada. Mwezi uliofuata tukafunga.

Hayo yote ni mazito, na siyo kosa la mwenye kampuni. Kosa lake ni lingine. Kila aliponyimwa hewa, mahali pa kwanza alipoazima palikuwa mfukoni mwa wafanyakazi, na aliazima bila kutuambia. Katika slipu ya mshahara kulikuwa na mstari wa makato ya NSSF, asilimia 10. Mchango kamili ni asilimia 20, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Tulipouona mstari ule tuliamini pesa imefika. Hatukwenda kuomba taarifa ya michango hata mara moja. Na lazima niseme la kwangu: mwaka 2016 barua ya kukumbushia michango ilipitia mezani kwangu. Niliisoma. Niliiweka kwenye trei ya mkurugenzi, nikaendelea na simu. Mpaka leo nikiikumbuka ile bahasha naumia.

Siku ya kufunga alituita, akatuambia tusubiri, ndege moja itauzwa na kila mtu atapata chake. Tulisubiri kwa sababu tulimpenda. Hilo watu wa nje hulishangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akija msibani, alikuwa akijua majina ya watoto wetu. Hakuna aliyeshika barua ya kuachishwa wala hati ya utumishi, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe kila mtu hati hiyo ajira inapokwisha. Kiinua mgongo kwa sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwa Mzee zingekuwa siku 70. Hazikulipwa, wala mishahara ya miezi sita ya mwisho.

Fundi wetu kijana ndiye aliyechoka kusubiri. Alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mwezi wa tano baada ya kufungwa. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Aliomba kuongezewa muda akieleza kwamba mwajiri alikuwa akiwaahidi. Ombi halikukubaliwa, kwa kuwa mazungumzo na ahadi havisimamishi siku za sheria. Akatoka pale, akaenda kutafuta kazi Arusha. Nalitaja kwa kifupi kwa sababu ndivyo lilivyokwisha, kwa kifupi.

Basi tulipokutana Msalato mwaka 2022 hatukuwa na matumaini makubwa. Tulikuwa watano: Mzee, Kapteni aliyekuja kusalimia wazazi, fundi kijana, Dada wa Hesabu na mimi. Mfukoni nilikuwa na taarifa ya michango, nikaitandaza mezani. Miezi 25 ilikuwa imepotea katika mafungu mawili. La kwanza ni Februari hadi Desemba 2008, miezi 11. La pili ni Oktoba 2016 hadi Novemba 2017, miezi 14. Mwajiri anatakiwa kutunza kumbukumbu za mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha, na miaka hiyo ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimeshamwandikia mwenye kampuni. Alijibu kwamba mafaili yalihamishwa kwa pikapu siku ya kufunga na hajui yalikoshushwa.

"Februari 2008," Kapteni akasema, akitafuna. "Huo si mwezi wa Lowassa?"

"Ndiyo huo."

"Basi mshahara wa mwezi ule ndio wa kwanza kuingia benki. Nakumbuka kwa sababu kadi yangu ilimezwa na mashine, nikakaa siku nne sina hela."

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi kadi sikuichukua mpaka nilipokopa mabati."

Dada wa Hesabu akaweka kipande chake cha nyama chini. "Ulikopa benki, baba?"

"Benki, ndiyo. Mwaka uliofuata. Si ndiyo nyumba niliyoezeka."

"Na benki ilikuomba nini?"

Alifikiri. Akataja barua ya mwajiri. Akataja slipu tatu. Akataja karatasi ndefu ya akaunti waliyoigonga mhuri kila ukurasa. Nani anazo? Hajui, mambo ya madeni anatunza mama.

Hatukumaliza nyama. Tulikwenda Nkuhungu wote watano. Mama alitupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," akaingia chumbani. Tukasikia sanduku la bati likiburutwa. Alitoka na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa gunia, ikiwa imelazwa kwa miaka yote hiyo chini ya kanga zake za harusi. Aliitunza, alisema, asije mtu akadai kwamba deni halijalipwa. Ndani kulikuwa na barua ya mwajiri ya 2009 iliyothibitisha kwamba Mzee ni mfanyakazi wake wa kudumu tangu Aprili 2002. Kulikuwa na slipu za Oktoba, Novemba na Desemba 2008, zikionyesha makato ya NSSF. Na kulikuwa na taarifa ya akaunti kuanzia Februari 2008.

Hapa ndipo penye uchambuzi, na nilikaa na karatasi hizo usiku mzima. Slipu zilikuwa za miezi mitatu tu. Taarifa ya akaunti ilikuwa ya miezi yote 11, lakini haionyeshi makato, inaonyesha kilichoingia. Nikaweka rula. Kiasi kilichoingia Februari, Machi, Aprili, kila mwezi mpaka Septemba, kilikuwa sawasawa na kilichoingia Oktoba, Novemba na Desemba, mpaka shilingi ya mwisho. Kama miezi mitatu ya mwisho mshahara huo ulibaki baada ya kukatwa, basi miezi minane ya kwanza nayo ilikatwa. Mkaguzi wa mfuko alipoiona hesabu hiyo hakuuliza swali la pili. Miezi 163 ikawa na njia ya kufika 174.

Bado sita. Fungu la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa kuanzia Oktoba 2016 tulilipwa taslimu, mkononi, jioni, mlango ukiwa umefungwa. Benki haina habari nayo. Slipu zilikoma. Nilimuuliza Dada wa Hesabu kama anakumbuka kiasi cha kila mtu. Akasema anakumbuka, na akabadilisha mazungumzo. Nikauliza tena kwa simu baada ya wiki. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata.

Yeye ndiye ambaye hakumcheka Fundi Mkuu. Siku mafaili yalipopakiwa kwenye pikapu, daftari moja la vocha za malipo lilikuwa kwenye mkoba wake, na aliondoka nalo. Lilikuwa na nakala za kaboni. Kwa miaka mitano aliishi akiogopa kwamba siku moja ataitwa mwizi wa mali ya kampuni. Hakumwambia hata mumewe. Sikumshurutisha. Nilimwambia tu kwamba Mzee anahitaji miezi sita, kisha nikamwacha. Siku ya tatu alinitumia picha ya ukurasa mmoja, na chini yake maneno haya: "Njoo na baba mwenyewe. Sitaki kumpa mtu mwingine."

Tulikwenda kwake Kizota na Mzee. Alilitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akalifuta kwa upindo wa khanga, akampa Mzee kwa mikono miwili. Mwandiko wake ni wa duara na mnyoofu: mshahara kamili, makato ya NSSF, kilichobaki, sahihi ya mpokeaji. Oktoba 2016 hadi Mei 2017, vocha nane, na kila moja ina sahihi ya Mzee ambayo kwa kaboni imekuwa ya zambarau. Baada ya Mei hakuna kitu, kwa sababu baada ya Mei hatukulipwa kabisa. Mzee aliipitisha kidole sahihi yake ya kwanza, akasema, "Siku hii tulirudi Rungwa." Nikatazama tarehe. Sikuwa na manifesti ya kuhakikisha, lakini nilikumbuka nami: ndege ilirudi na tairi bovu, na tulilipwa saa mbili usiku kwa taa ya simu.

Jambo hili nalisisitiza kwa yeyote ambaye kampuni yake imekufa. Ungemwambia mkaguzi "mimi nakumbuka nilikatwa", angekusikiliza kwa heshima na asingeandika kitu. Kumbukumbu ya Kapteni ya kadi iliyomezwa haikuthibitisha mchango hata mmoja. Ilichofanya ni kutuambia kwamba kuna benki. Benki ikaleta mabati, mabati yakaleta sanduku la mama. Ukitaka kusaidia mzee wa namna hii usimuulize "una ushahidi gani", atakujibu hana. Muulize mwaka ule aliezeka nini, alioza mtoto gani, alikopa wapi, aliugua akatibiwa na nani. Kaa naye na wenzake pamoja, maana mmoja peke yake hakumbuki kinachomhusu mwingine. Na muulize mkewe.

Kampuni ilikuwa haijafutwa kwenye rejista, kwa hiyo bado ilikuwa na mtu wa kuitwa. Mwenye kampuni mwenyewe aliitwa. Nilimwona mara moja katika safari hizo, kazeeka, akamwamkia Mzee kwanza, ingawa ni mkubwa kwa Mzee kwa miaka michache. Mzee alistuka, akaitikia. Mwenye kampuni alikubali deni la miezi ile 19 na kulilipa kwa awamu. Sijui moyoni mwake mlikuwa na nini, na sikuuliza. Mwaka 2023 taarifa mpya ya michango ilisomeka miezi 182. Mzee alinitaka niihesabu tena kwa sauti akiwa amesimama.

Miezi sita ya mwisho haijarudi. Siku 70 za kiinua mgongo hazijarudi wala hazitarudi. Fundi kijana hakupata chochote kwa miaka yake tisa zaidi ya michango iliyowasilishwa, na hakutaka tuandike jina lake kwenye barua yoyote.

Katika daftari lile kuna vocha za watu wengine watatu. Dereva amekwisha kuchukua nakala zake. Mpishi tumempata Manyoni. Mlinzi wetu wa usiku alifariki mwaka 2019, na mjane wake atakuja kutoka Mpwapwa Jumamosi hii kwa basi la asubuhi. Dada wa Hesabu ameshampangia vocha za mumewe. Ziko nane: saba zina sahihi, na ile ya Desemba, mwezi aliokuwa ameumia mkono wa kulia, ina dole gumba la kushoto.